Kode P0340 na Samaki wa Patron

Vijana munaoshika spana, kwanza munisamehe. Mwandiko wangu umelala upande moja kama mutumbwi uliopakiwa vibaya, na maneno mengine nimeyaandika namna mbili kwa sababu sikuwa na hakika na ile ya kwanza. Shule niliiachia darasa la saba, hapa Nchelenge, na huko tulisoma Kibemba na Kiingereza. Kiswahili nilipewa na mama, aliyevuka kutoka Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, si ile ya bahari, na mizigo ya samaki, mimi nikiwa mgongoni. Mama alinifundisha kusalimia na kubishana bei. Koma inakaa wapi, hakunifundisha. Ukurasa moja unanimalizia asubuhi. Basi na ninyi musome polepole, tutafika pamoja.

Mimi ni mutu wa haya. Kwenye harusi nilikuwa nakaa karibu na jenereta, watu wakadhani mimi ndiye ninayeitunza, wakanipa chakula cha kwanza. Kazi ya gari niliipenda kwa sababu hiyohiyo: ukiwa chini ya gari hakuna mutu anayekutazama usoni. Mwenye gari anaongea na miguu yako, na wewe unaongea na viatu vyake. Wakubwa wengi wa wilaya hii nawajua kwa viatu. Nikikutana nao sokoni natazama kwanza chini, halafu ndiyo nasalimia.

Sasa magoti yamekataa kulala kwenye simenti, nimeacha garaji. Lakini vijana wanapita hapa kwangu na simu mkononi, wanasema, "Papa Kasongo, mashine imesema sensa, tumenunua sensa, gari bado." Nimechoka kueleza nikitazama ukuta. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na kode yenyewe, ile namba ya ugonjwa ambayo mashine inaisoma. Mumeona mama wawili wakitwanga muhogo mu kinu kimoja. Muchi wa huyu unapanda, wa yule unashuka. Hawagongani kwa sababu wanafuata pigo moja. Motere, yaani injini, ni hivyo. Krankshafti iko chini, inazungushwa na pistoni. Kamshafti iko juu, inafungua na kufunga valvu. Cheni inawaunganisha ili wasipotezane. Wakipotezana, muchi unagonga muchi, na wewe unauza gari kwa wanaonunua vyuma.

Sasa kila mama amewekewa bibi moja pembeni, kazi yake ni kusikiliza mapigo na kuyaita. Bibi hao ndio sensa. Kuna boksi la umeme linalowasikiliza, likishajua mapigo linasema: sasa mafuta, sasa moto. Boksi likiandika P0335, linasema bibi wa chini simusikii vizuri. P0340, bibi wa juu simusikii vizuri. P0016, wote wawili nawasikia lakini hawapatani, na hapo usikimbilie sensa, fungua uangalie cheni kama imelegea.

Angalieni neno nililoandika: simusikii. Boksi halikusema bibi amekufa. Labda anaita mpaka sauti inakauka na mlango umefungwa. Labda waya umekatika, labda plagi, pale waya unapoingia kwenye sensa, imelegea, labda plagi imeingia mafuta. Kode inakuonyesha nyumba ya kubisha hodi. Haikuambii nani ndani ana kosa.

Hilo tulikuwa hatulijui, au tulilijua na hatukulipenda. Mashine ya kusoma kode ilipofika hapa, kale kadogo kanakochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu, watu waliipokea kama nabii. Mutu alikuwa anavua kofia kabla ya kusomewa. Madereva wa kwenda Mansa walikaa karibu na bandari wakipimana kode kama wengine wanavyopimana ng'ombe.

"Yangu iko na P0300," anasema moja.

"Ah! Hiyo ni ya bamasikini. Mi niko nazo tatu, na moja inaanzaka na U."

"U? Eh, bwana, unakula vizuri."

Kuna mwenye teksi aliandika kode yake kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha nyuma, pale wengine wanapoandika neno la Mungu. Alipotengenezewa gari akakataa tuifute.

Mwalimu wangu wa kazi, Ba Mulenga (Ba ni heshima ya Kibemba), hakuipenda mashine. Musifikiri basi kwamba muzee ndiye alikuwa na hekima. Ba Mulenga alijifunza kazi wakati wa kabureta, na maishani mwake alijua ugonjwa moja: bugi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Gari haiwaki? Ni bugi. Gari inavuta upande wa kushoto? Angalia bugi. Siku moja pikipiki ilisukumwa mpaka kwetu na mutu aliyelowa jasho, Ba Mulenga akatoa bugi, akaisugua, akairudisha, akaisugua tena, mpaka mke wa yule mutu akafika nyuma na chupa ya petroli na kusema, "Ulisahau hii ku nyumba." Ba Mulenga hakushtuka. Alisema bugi safi inapenda petroli.

Nilipomwonyesha mashine, aliitazama mbali, akauliza, "Inasema bugi?"

"Hapana, tata," nikamwita kama baba, "inasema sensa ya kamshafti."

"Basi haijafika ku bugi. Iache isome."

Lakini mikono yake ilinifundisha mambo ambayo kinywa chake hakikuyajua. Alinifundisha kuingiza mkono kutoka chini, bila kuona, kushika kila kitu kwa ncha za vidole: hii ni hozi, hii ni waya, hii ni moto, toa mkono. Kwa basi ndogo, zile ambazo motere inakaa chini ya viti vya mbele, sisi wote wa hapa tulifanya hivyo. Ukitaka kuona kutoka juu lazima ung'oe kiti, na bolti za viti hivyo zote zilikuwa na kutu mbaya. Tulisema ni hewa ya ziwa. Kumbukeni hizo bolti.

Sasa niwaambie habari ya Ba Chola.

Ba Chola aliendesha basi ndogo nyeupe, Nchelenge mpaka Mansa na kurudi. Mutu mwembamba, anacheka kwa mabega, hajawahi kutukana abiria hata yule anayetapika. Basi haikuwa yake. Ilikuwa ya mutu wa Mansa tuliyemwita Patron, mwenye duka la simenti na mabati, mutu munene wa sauti na wa tumbo. Patron hakuja Nchelenge ila kwa matanga au kwa ugomvi.

Hapa kwetu kuna desturi, na ninyi munaijua: dereva hafiki kwa mwenye gari mikono mitupu. Kila safari Ba Chola alichagua kutoka mitumbwi ya asubuhi samaki wabichi wazuri kuliko wote kwa ajili ya Patron. Na samaki wa mukubwa hapandi nyuma na samaki wa biashara. Wale wa biashara wanakaa nyuma na juu ya paa, na chisense, dagaa wetu, kwenye magunia, na kuku, na watu. Samaki wa Patron anakaa mbele, kwenye kiti cha katikati, amefungwa kwenye gunia lililolowa, na barafu, na chumvi ya kuongeza baridi. Tulimwita samaki wa mbele. Ba Chola alimfunga mukanda wa usalama. Polisi wa barabarani waliochungulia dirishani waliona watu wawili hawana mukanda, na samaki anao.

Pembeni ya samaki alikaa Mama Chantal, mufanyabiashara wa Kilwa. Alikuwa mutu wa mizigo mingi na maneno mengi zaidi, na kiti cha mbele kilikuwa chake kwa sababu hakuna aliyejaribu kumwambia hapana.

Basi ikaanza kufa njiani. Inatembea vizuri, halafu inakohoa, halafu kimya, abiria wanashuka wanatazama anga. Baada ya muda inawaka yenyewe kama iliyosamehe. Taa ya manjano imebaki. Nikasoma: P0340. Nikalala chini, nikaingiza mkono, nikachomoa plagi, nikatoa sensa, nikaweka mpya, nikarudisha plagi. Ikawaka kama saa. Ba Chola alinikumbatia miguu, maana ndiyo ilikuwa nje.

Safari chache, ikafa tena karibu na Mwansabombwe. Nikaweka sensa nyingine. Ikapona. Ikafa. Kila mara kode ni ileile.

Vijana, hapa ndipo pa kuweka alama. Plagi ikiwa na kutu ndani, ukiichomoa na kuirudisha, unaikwaruza. Chuma kinagusana na chuma tena, gari inapona siku mbili tatu, na wewe unasifu sensa mpya. Kumbe sensa haikufanya lolote. Siku hizi nawaambia: kabla ya kununua, chomoa tu na urudishe. Gari ikipona kwa hilo, ugonjwa uko kwenye plagi. Halafu washa gari na utikise waya kwa mkono. Ikikohoa ukiwa unatikisa, umemushika mwizi mkononi.

Lakini neno mwizi lilifika kwa njia nyingine. Patron aliambiwa kwenye simu kwamba sensa imeharibika tena. Akamwambia Ba Chola, na simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa kwa hiyo garaji nzima ilisikia:

"Chola! Sensa gani inakufa kila wiki? Unaziuzisha! Unachukua mupya yangu, unaweka ya zamani ya bantu bengine!"

"Patron, haki ya Mungu..."

"Usimuingize Mungu, yeye hana gari! Sikia. Ikikufa tena mara moja, moja tu, ninakuja mwenyewe. Utanipa funguo mu mukono, na njia ya polisi unaijua."

Ba Chola alizima simu, akabaki amesimama na funguo kwenye kidole, anaizungusha polepole. Hakucheka kwa mabega siku ile. Alikuwa na watoto wengi na kazi ile tu. Na mutu akiitwa mwizi wa gari huku kwetu, nani atamupa gari nyingine? Hata baiskeli hawampi.

Zile sensa za zamani zilikuwa zimening'inia kwenye waya garajini kwangu, zote. Nilitaka kusema. Nilisema, lakini kwa sauti ambayo ni sensa tu zilizosikia.

Watu wakaanza kusaidia, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari. Mutu wa maombi alikuja akaweka mikono juu ya boneti ndogo ya mbele, ambayo ndani yake kuna maji ya waipa tu, motere haiko hapo. Mwingine alishauri dereva abadilishe kofia. Ba Mulenga alibadilisha bugi zote nne na kutangaza kwamba sasa tunaongea. Mimi niliweka sensa nyingine, hiyo Ba Chola aliinunua mwenyewe.

Na basi ikapona! Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Safari baada ya safari, taa ya manjano hakuna. Mutu wa maombi alitoa ushuhuda kanisani. Ba Mulenga alitembea mjini na bugi ya zamani mfukoni, akiwaonyesha watu kama jino la mamba. Patron aliwaambia watu wa Mansa kwamba dereva ukimutisha vizuri, gari inapona. Na mimi, nikiwa chini ya magari mengine, nilitabasamu mwenyewe kwa ajili ya sensa yangu.

Hakuna hata moja wetu aliyekumbuka kwamba tulikuwa kwenye miezi ya kufunga ziwa. Samaki walikuwa wanazaa, mitumbwi imegeuzwa tumbo juu mchangani, nyavu zimefungwa. Samaki wa mbele hakuwepo. Patron alipelekewa muhogo na karanga, na hakufurahi, lakini sheria ni sheria.

Ziwa likafunguliwa. Munajua siku hiyo inavyokuwa: harufu ya samaki mubichi inaingia mpaka ofisi za kaunsili ya wilaya. Ba Chola akanunua samaki wanene kuliko wote waliotoka, maana Patron alikuwa amengoja miezi, akawaweka mbele, barafu mara mbili, chumvi mara mbili, mukanda. Mama Chantal akapanda. Basi haikumaliza hata nusu ya njia.

Walirudi wakivutwa kwa kamba na lori la mihogo. Ba Chola alishuka, akaketi kwenye tairi la zamani. Hakuna tena cha kumficha Patron, maana dereva wa lori alikuwa ameshapiga simu Mansa kuomba pesa ya mafuta ya kuvuta. Patron alikuwa anajua. Patron alikuwa njiani.

Mama Chantal alishuka ameshika kitenge chake kilicholowa, akitukana kwa Kiswahili, Kibemba na Kifaransa, kila lugha kwa zamu yake.

"Angalieni kikwembe yangu! Angalieni! Miezi yote ile nilifikaka Mansa mukavu sawa madame. Leo, ziwa inafunguliwa tu, mi niko maji mpaka ku magoti! Huyu samaki wa Patron ananikojolea!"

"Mama, pole," akasema Ba Chola bila kuinua kichwa.

"Pole yako ninaivaa? Na maji mingine yote inaingiaka wapi? Inashuka chini ya kiti, haitokee mu barabara. Iko pahali inakunywa."

Nilikuwa chini ya gari nyingine. Nilisikia hilo neno, inakunywa, na vidole vyangu vikaanza kukumbuka. Kila mara nilipoingiza mkono kwenye motere ile nilikuta pale juu kuna ukoko wa chumvichumvi, na nilidhani ni maji ya rejeta yamekauka. Nikatoka. Nikamwita Ba Mulenga, tukaleta patasi na nyundo, tukakata zile bolti za kutu, tukang'oa kiti cha samaki.

Mpira unaoziba kifuniko cha motere ulikuwa umeoza kabisa. Chini yake, mahali ambapo tone la maji lingeanguka lenyewe bila kutumwa, ilikuwa plagi ya sensa ya kamshafti. Nikaifungua kwenye mwanga. Ndani ilikuwa kijani kama ukuta wa kisima. Na katikati ya pini zake, imejibana vizuri kama iliyowekwa na fundi, gamba la samaki.

Ba Mulenga alilitoa kwa kisu, akaliweka kiganjani. Akalitazama sana.

"Hii," akasema, "haiko bugi."

Miaka yote niliyofanya naye kazi, sikumusikia tena akisema hivyo.

Sasa musifikiri hadithi imeisha. Gari ilikuwa rahisi. Tulisugua plagi, tukakata waya ulioliwa na chumvi na kuunga mpya, tukapaka grisi ya umeme, tukabadilisha mpira, tukaweka bolti mpya, maana zile hazikuliwa na hewa ya ziwa, zililiwa na chumvi ya samaki. Kazi ngumu ilikuwa Patron.

Maana fikirini. Nani atamwambia mukubwa kwamba samaki wake wa heshima ndiye alikuwa anaua gari yake? Ukisema samaki ni mubaya, umekataa heshima. Ukisema asiwekwe mbele, umemshusha mukubwa nyuma, na kuku. Na kama Ba Chola mwenyewe ndiye atasema, basi dereva aliyeitwa mwizi sasa anasingizia chakula cha bosi wake. Tuliketi kwenye matairi tukashauriana.

"Tumwambie ni bugi," akasema Ba Mulenga. Alikuwa amerudia afya yake.

"Mumwambie kweli," akasema Mama Chantal. "Mi nitamwambia. Nitamuonyesha kikwembe."

"Mama, ukimwambia wewe, nitafungwa mara mbili," akasema Ba Chola.

Wote wakanitazama. Nikarudi chini ya gari.

Na huko ndiko nilikuwa Patron alipofika. Niliona viatu: rangi ya kahawia, vya ncha ndefu, vimepakwa vumbi la njia yote. Pembeni yake viatu vingine vyeupe vya kijana, dereva mupya aliyeletwa kukamata funguo. Nikaona sandali za Ba Chola zikija mbele, zikasimama.

"Funguo," ikasema sauti juu ya viatu vya kahawia.

Sandali hazikusogea. Nilisikia funguo ikilia kwenye pete yake. Na nilijua kwamba kama nikingoja kupata ujasiri wa kutoka nje, Ba Chola atakuwa ameshafika polisi. Basi nikaongea palepale nilipokuwa, na vile viatu, kama kawaida yangu.

"Patron, mutusamehe," nikasema. "Tuna haya mbele yenu."

Viatu vikageuka. "Nani huyo?"

"Fundi, Patron. Ni juu ya samaki yenu. Tunaikalisha pahali pabaya. Tumekosa heshima, sisi wote wa Nchelenge."

Ncha moja ya kiatu ikainuka kidogo. "Pahali pabaya namna gani?"

"Pale mbele ni juu ya motere, Patron. Moto inatoka chini. Samaki ya mutu mukubwa inafika ku Mansa imeshaiva upande moja. Na watu wa nyuma, samaki yao inapanda juu ya paa, ku hewa. Yaani samaki ya bamasikini inakaa juu ya kichwa ya samaki yenu."

Hapo nikasikia Mama Chantal akivuta pumzi. Mwanamuke yule alielewa mbio kuliko mashine yoyote.

"Njo hivyo, Patron!" akapiga mikono. "Mi nilisemaka kila siku! Nikasema, eh, samaki ya Patron inakalia motere sawa kuku inalalia mayai! Haya inanikamata, Patron. Kikwembe yangu yote inalia kwa ajili yenu. Angalia!"

"Chola," ikasema sauti ya Patron, kwa upole sasa, "ulikuwa unaweka samaki yangu chini ya samaki ya bantu?"

"Patron, sikujua..." akasema Ba Chola, na kwa bahati nzuri hilo lilikuwa kweli.

"Na hii maji ya samaki," nikaongeza kutoka chini, kwa sababu haya ilikuwa imeshaniacha na sikujua itarudi lini, "inashuka ku plagi ya sensa, sensa inanyamaza. Sensa zote za zamani ziko hapa ku waya, Patron. Hazikuuzwa. Munaweza kuzihesabu."

Viatu vya kahawia vikatembea mpaka kwenye waya. Nilisikia sensa zikigongana, moja baada ya nyingine. Halafu vikarudi.

"Basi mutengeneze kisanduku," akasema Patron. "Juu ya paa. Mbele kabisa. Juu kuliko mizigo yote. Na mukipake rangi." Akatembea kidogo, akarudi. "Chola, unangojea nini? Bantu ya Mansa banangojea gari."

Viatu vyeupe vilibaki vimesimama peke yake kwa muda, havijui vielekee wapi. Yule kijana alirudi Mansa kwenye basi hiyohiyo, kiti cha nyuma, kati ya magunia ya chisense.

Kode P0340 haikurudi tena kwenye gari ile. Patron mupaka leo anawaambia watu kwamba aliitengeneza yeye, kwa kuleta sensa mpya siku ile mfukoni. Ni kweli aliileta. Iko bado kwenye karatasi yake, Ba Chola anaiweka kwenye dashibodi kama picha ya mutakatifu. Nilimwambia asikanushe. Gari inatembea, funguo iko kwake, mukubwa anafurahi, ukitafuta na ukweli tena utakuwa unaomba mengi kwa safari moja.

Kisanduku tulikijenga cha mbao, tukakipaka bluu. Kiko juu ya yote. Baada ya mwezi wenye magari wengine wakataka cha kwao, halafu kila moja akataka chake kiwe juu kuliko cha mwenzake, na sasa ukisimama barabara ya Mansa utaona basi zinapita na visanduku virefu kama minara, zinayumba kwenye kona. Mvua ya samaki inawashukia abiria wa dirishani. Wanalalamika, lakini hawana taa ya manjano, kwa hiyo hakuna anayewasikia.

Basi hilo ndilo nililotaka ninyi mujue. Musome kode, lakini mukishaisoma mung'oe na kiti. Muulize gari ilibeba nini, na lini haikubeba. Muulize mutu aliyelowa. Mashine inajua nyumba tu. Mama Chantal alijua maji yanakwenda wapi, ila hakuna aliyemuuliza, tuliona anapiga kelele.

Na ninyi muniandikie. Mwandiko mubaya haunitishi, munaona wangu. Mutu wa Pweto, wa Kenani, wa Kashikishi, aniambie kwenu mbele ya gari kunakaa nini, na ni ya nani, na kode gani ilitokea. Nitajibu polepole, lakini nitajibu. Barua mumupe Ba Chola, bado anapita kila siku na anacheka kwa mabega. Mumwambie tu asiiweke juu kwenye kisanduku, wala mbele juu ya motere. Aiweke mu mufuko wa shati, pamoja na funguo.